DVD ya Bibi

Wenzangu, sisi wa Lusail maisha yetu yote yako kwenye simu. Bibi yangu yuko Michenzani, Unguja, na deki yake. Simu ya kisasa haitaki. Akitaka kutuona lazima amwombe kijana wa jirani, na bando liwepo. Ndo maana mimi humchomea DVD.

Kunakili tu faili za MP4 hakutoshi. Deki nyingi za zamani hazizisomi. Lazima programu izigeuze ziwe MPEG-2, kwa mfumo wa PAL: 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, kisha izipange kwenye folda ya VIDEO_TS. Hapo unachoma, polepole, halafu unaifunga diski. Isipofungwa, deki inaweza kuikataa.

DVD ya kawaida ni GB 4.7, kama saa mbili za picha nzuri. Mwaka mzima kwa saa mbili! Hapo ndo pana kazi. Taa za Lusail Boulevard nazitoa. Nambakisha mdogo wangu akibabaika na "shikamoo" yake, maana Bibi hurudisha nyuma papo hapo, amwitikie tena: "Marahaba, mwanangu." Na rimoti anayo mwenyewe.