Kabla Hujabadili Rimu na Matairi: Yaliyonikuta Barabara ya Mwamkulu

Leo naomba tuongelee gari. Wengi wenu hapa Ilembo na vijiji vya jirani mmeanza kununua magari madogo ya mtumba ya kusombea mpunga, mahindi na bidhaa za duka. Swali ninaloulizwa sana siku hizi si la mbegu wala dawa. Ni hili: "Bwana mifugo, nikiweka rimu kubwa na kulishusha gari kidogo, si litapendeza?" Litapendeza, ndiyo. Lakini ngoja kwanza nieleze yaliyonikuta mimi.

Nilinunua Toyota Wish Dar es Salaam kwa kijana aliyelipenda sana gari lake. Alikuwa ameweka rimu za spoti za inchi 17, matairi membamba kama mkanda, na springi zilikuwa zimekatwa ili gari likae chini. Nilipolifikisha Mpanda, vijana wa bodaboda walisimama kuliangalia. Nisiwadanganye, nilifurahi. Miezi kadhaa nilitembea nalo kwenye lami na mitaa ya mjini bila tatizo, nikaona kwamba wanaosema gari la kushushwa halifai huku wana wivu tu.

Mwezi Mei ukafika, wakati wa kuchanja kuku dhidi ya kideri. Pikipiki yangu ya kazi ilikuwa kwa fundi, nikaamua kwenda upande wa Mwamkulu na gari langu. Wafugaji walikuwa wameambiwa wasifungulie kuku mpaka nifike saa moja asubuhi.

Mnaijua hali ya barabara zetu mvua zikiisha. Masika matrekta na malori huchimba mifereji kwenye udongo wa mbuga. Mei udongo ule hukauka ukawa kama tofali, na katikati hubaki tuta. Gari la juu hupita tu. Langu lilianza kukwaruza tumbo. Nikajaribu kupandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta, yakateleza. Gurudumu la mbele likapiga jiwe na ukingo wa rimu ukapinda, upepo ukaanza kutoka. Kabla sijasimama, bakuli la oili chini ya injini, lile mafundi wanaloliita sampo, likagonga tuta na kupasuka. Taa nyekundu ikawaka. Nikazima gari hapohapo, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya asubuhi ile.

Mtandao wa simu haukuwepo. Nilitembea na kibebeo cha chanjo mkononi mpaka nikapata bodaboda. Nilipofika ilikuwa saa nne na kuku walishafunguliwa. Kila mfugaji anajua kwamba kuku aliyeingia kwenye mashamba ya mpunga humkamati tena mpaka jioni. Siku zilizofuata zilikuwa za vitongoji vingine, hivyo nikaahidi kurudi baada ya wiki mbili.

Siku ya kumi na mbili kideri kikaingia. Mama mmoja alikuwa na kuku thelathini na wanne aliowafuga kwa ajili ya mahitaji ya mjukuu wake aliyechaguliwa kidato cha tano. Walibaki watatu. Siwezi kuapa kwamba chanjo ingewaokoa wote, maana chanjo inahitaji siku kadhaa mwilini mwa kuku ndipo imkinge, na aliyekwisha kuambukizwa haimponyi. Ila najua kwamba siku ile dawa ilikuwepo na kuku walikuwepo, kilichokosekana ni mimi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu." Kisha akasema, "Gari lako ni zuri, bwana mifugo. Ila halikufika."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka gereji kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza kabla ya kununua. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kushusha gari kunafanya nini

Wanaoshusha magari hawana wazimu. Gari likiwa chini halilali sana kwenye kona, na kwenye lami au uwanja wa mashindano hiyo ni faida. Tatizo ni kwamba faida hiyo unailipia kwa vitu viwili ambavyo barabara ya vumbi inavidai: nafasi chini ya gari, na nafasi ya springi kubonyea.

Springi zangu zilikuwa zimekatwa kwa grainda. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi. Ukipakia watu na magunia inakuwa imeshafika mwisho kabla hujakutana na shimo, hivyo kila kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye shokapu, bushi, boljointi na bodi. Fundi aliponyanyua gari kwa jeki, springi za nyuma zilikuwa zinacheza kwenye vikalio vyake. Gari likiruka kwenye tuta, springi kama hiyo inaweza kuhama kabisa. Pia magurudumu yalikuwa yamelalia ndani kwa juu. Matairi kwa nje yalionekana mapya, ila kwa ndani nyuzi zilikuwa zinachungulia. Kabla hujanunua gari lolote, inama uangalie upande wa ndani wa matairi.

Kusoma tairi

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi. Chukua mfano wa 195/65R15 91H, saizi ambayo Wish nyingi hutoka nayo kiwandani. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 127. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi ndani ya tairi, na 15 ni inchi za rimu. 91 ni namba ya mzigo, ikimaanisha kilo 615 kwa tairi moja. H ni kikomo cha kasi, kilomita 210 kwa saa.

Matairi yangu ya inchi 17 yalikuwa 215/45R17 87. Asilimia 45 ya 215 ni karibu milimita 97. Kwa hiyo gurudumu zima lilikuwa na ukubwa karibu uleule, lakini mpira kati ya rimu na jiwe ulipungua sentimita 3. Mpira huo ndio mto wa gari. Ukipungua, jiwe linakutana na rimu.

Angalia na mzigo. Namba 87 ni kilo 545. Tofauti ni kilo 70 kwa tairi, kilo 280 kwa matairi manne, karibu magunia matatu ya kilo mia. Hii haina maana kwamba ukiwa na namba 91 upakie mpaka tani mbili na nusu. Gari lenyewe lina zaidi ya tani moja, na springi na ekseli zina kikomo chake. Saizi ya tairi na kiwango cha upepo mara nyingi vimeandikwa kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima upepo asubuhi kabla tairi halijapata moto. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa huchemka na kupasuka.

Tafuta pia tarehe. Kwenye maandishi yanayoanza na DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa zee. Likiwa na nyufa ubavuni, uvimbe, au kiraka ubavuni, liache hata kama bei inavutia.

Kuchagua rimu

Usikubali maneno ya "hii inaingia tu". Hesabu matundu ya nati na uhakikishe umbali kati yao ni uleule. Wish hutumia matundu matano kwenye duara la milimita 100, Vitz matundu manne kwenye duara hilohilo, Noah matano kwenye duara la milimita 114.3. Rimu ya Noah huwezi kuilazimisha kwenye Wish. Angalia na kina cha rimu: isipokaa sawa, tairi litakwaruza shokapu kwa ndani au bodi kwa nje, hasa gari likiwa na mzigo. Nati nazo hutofautiana. Za rimu za spoti si lazima zikae vizuri kwenye rimu za chuma. Ukishafunga, tembea kilomita 50 hadi 100, kisha zikaze tena.

Kwa barabara zetu mimi sasa nashauri rimu ya chuma. Ikipinda, fundi anaweza kuinyoosha kwa nyundo na ukaendelea na safari. Rimu ya aloi ikipata pigo kubwa hupasuka, na huku hakuna wa kuitengeneza vizuri.

Usinyanyue kupita kiasi

Wapo walioposikia kisa changu wakataka kunyanyua gari kama lori. Nayo si dawa. Gari lililonyanyuliwa sana, likipakiwa magunia mpaka juu, hupinduka kirahisi kwenye kona au kwenye mfereji. Rudisha springi nzima za gari lako, zilizo sawa kushoto na kulia, na shokapu zenye nguvu. Hilo linatosha wengi wetu. Kazi nzito mpe mwenye pikapu au lori.

Mimi niliuza rimu zangu kwa jamaa anayetembea kwenye lami tu, nikamweleza kila kitu kabla hajatoa hela. Nikanunua rimu za chuma za inchi 15, matairi 195/65 na springi nzima. Chini ya sampo nilikuwa nimepima sentimita 9 kwa rula. Baada ya springi mpya nilipata 15.

Septemba nilirudi Mwamkulu na gari lilelile. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa yule mama, kuku wake bado wamefungiwa. Wale watatu walikuwa wameangua, sasa wako kumi na tisa pamoja na vifaranga. Alinishikia mmoja mmoja, nikaweka tone moja jichoni kwa kila mmoja. Alilitazama gari, limejaa vumbi na rimu nyeusi zisizong'aa, wala hakusema kitu. Alinikaribisha chai.

Chanjo inayofuata ni Januari, katikati ya mvua. Fungieni kuku mpaka saa moja. Barabara ikiwa tope nitakuja kwa pikipiki, na ikishindikana nitatoka jana yake jioni na kulala hukohuko.