Sweta Tano za Kwenda Kunduchi

Ninyi mnaoifahamu Igowole mnajua kwamba huku kwetu mtoto anapozaliwa hupokelewa na sweta. Baridi ya Mufindi si ya mchezo. Mwezi wa Juni na Julai kuna asubuhi tunakuta umande umeganda juu ya majani ya chai. Kwa hiyo mama wa huku akisikia neno safari, mkono wake wa kwanza huenda kwenye blanketi. Nasi tulifanya hivyo hivyo Desemba 2022, tulipojiandaa kwenda Kunduchi, Dar es Salaam.

Baba watoto alikuwa ameahidi. Binti yetu akimaliza darasa la saba angepelekwa kwenye bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild, ambako watu huteleza kwenye mabomba makubwa hadi bwawani. Ahadi ilipotolewa, kitinda mimba wetu alikuwa hajazaliwa. Siku ya kuitimiza ilipofika alikuwa na miezi minane, anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Majirani walitushauri tumwache kwa bibi yake. Tulikataa kwa kuwa alikuwa bado ananyonya, na pia, tuseme ukweli, kwa kuwa tulimpata tukiwa tumepita miaka arobaini, na hatukuweza kulala katika nyumba asiyokuwemo.

Hoteli ya ufukweni ilizidi mfuko wetu, tukatafuta nyumba ya wageni ya karibu ili mtoto akichoka mmoja wetu aweze kurudi naye. Kabla ya kulipa chochote tulipiga simu. Je, chandarua kipo na hakina tundu? Maji ya kuchemsha yanapatikana? Jikoni wataturuhusu kupika uji alfajiri? Bei tuliiuliza mwisho. Dada aliyepokea simu alicheka, lakini alijibu yote.

Kitu cha kwanza kuingia kwenye begi kilikuwa kadi ya kliniki. Sisi tunaopokea wagonjwa tunajua taabu ya kumhudumia mtoto mgeni ambaye mama yake hakumbuki uzito wala chanjo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akifikisha miezi tisa, hivyo tulipanga tuwe tumerudi nyumbani kabla ya hapo. Kisha pakiti mbili za ORS pamoja na chupa tupu ya lita moja, maana pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, na mtu anayekisia kwa kikombe hukosea. Tuliongeza vidonge vya zinki, kipimajoto, na dawa ya maji ya homa kwa kipimo cha uzito wake. Dawa ya malaria hatukubeba. Mtoto mwenye homa hupimwa kwanza, hata kama mama yake ni muuguzi. Unga wa uji ulikuwa wa mahindi na ulezi tu. Karanga tuliziacha kwa sababu kwenye joto huchacha upesi.

Nepi zilitusumbua akili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nasi hatukutaka nepi mbichi zichanganyike na nguo. Tukanunua kindoo chenye kifuniko. Kindoo hicho kilihifadhi nepi, kikasuuzwa kwa sabuni kikawa beseni la kuogea, na hakuna kitu tulichobeba kilichotufaa zaidi.

Halafu tukaweka sweta tano, kofia mbili za sufu na blanketi.

Tuliondoka alfajiri kwenye ukungu, tukateremka Nyololo kupanda basi. Mtoto alivaa fulana, sweta mbili, kofia na soksi, akafunikwa blanketi. Tulipita Iringa, tukapita Ilula, tukashuka Kitonga. Alilala muda wote, nasi tukashukuru kwamba ni mtoto mpole. Karibu na Ruaha Mbuyuni, mama wa kiti cha jirani akauliza, "Mama, huyo mtoto mbona anahema hivyo?"

Tulimgusa. Alikuwa wa moto kama chungu. Tulimpa ziwa akageuza uso. Kipimajoto na dawa vyote vilikuwa ndani ya begi kubwa, kwenye buti ya basi. Watoto wote tuliowahi kuwapokea usiku wodini, waliolegea mikononi mwa mama zao, walitupita machoni. Ni baba watoto, ambaye hajawahi kusomea uuguzi hata siku moja, aliyesema, "Mama watoto, mvue kwanza."

Kila wiki kliniki tunawaambia kina mama maneno hayo hayo. Tulivua sweta, kofia, soksi, tukafungua dirisha, tukalowesha ncha ya kanga na kumpangusa. Tukaamua kwamba asiponyonya hadi Mikumi mjini tungeshuka kumpeleka hospitali, na safari iishie hapo. Binti yetu alisikia, akageukia dirishani, hakusema neno. Kabla hatujafika Mikumi, mtoto alifumbua macho, akanyonya kwa nguvu mpaka tukaumia. Barabara kuu hupita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wakubwa walihesabu twiga. Sisi tulihesabu pumzi.

Bustanini tulikwenda kwa zamu. Mwenye zamu ya mtoto hakushika simu. Mtoto wa umri huo haachwi hata kwa kuokota taulo. Maji ya kina cha vidole vinne yanatosha kumzamisha, tena huzama bila kelele. Tulimshika kwapani akapigapiga miguu kwenye maji ya kina kifupi kwa dakika chache, kisha kivulini, kofia ya kitambaa kichwani, na ziwa mara kwa mara. Vipele vya joto vilimtoka shingoni. Tulimwogesha maji matupu, poda hatukumpaka.

Siku ya pili binti yetu alikuja akitiririka maji. "Mama, njoo mara moja tu." Pamoja na umri wetu na unene wetu, tulipanda zile ngazi tukiomba kimoyomoyo, tukateleza, na kelele tuliyopiga baba watoto anasema aliisikia kule kivulini alikokuwa na mtoto.

Wakati wa kurudi, begi la dawa lilikuwa mapajani. Tulipopanda Kitonga alasiri tulianza kumvisha mtoto nguo mojamoja, tukimgusa shingo kila mara. Nyololo tulishukia usiku, mvua ikinyesha, naye akiwa na sweta mbili. Tatu zilirudi zikiwa zimekunjwa vilevile. Binti yetu ndiye aliyezirudisha kabatini, akizihesabu kwa sauti.