Simbi za Ami

"Ami, hizi ni za uganga?"

Binti wa ndugu yangu aliuliza huku ameushika ubao wa mvule wenye misumari mitano, vumbi la chokaa limemjaa hijabu. Fundi alikuwa keshaangusha ukuta wa mbele wa duka la babu yake hapa Msambweni. Ubao ulikuwa nyuma ya kabati ambalo halikusogezwa miaka mingi, na chini yake kopo la maziwa limeshika kutu. Ndani ya kopo mlikuwa na simbi, komwe, kifungo cha koti na kipande cha kigae. Msumari wa mwisho ulikuwa bado umebeba kizibo cha soda kilichotobolewa, kikining'inia kwa uzi.

Msichana huyu alikuwa ametoka Nairobi majuzi na cheti cha kozi ya kuendesha biashara bila hasara, kwa mtindo wa kiwanda cha Toyota. Njia nzima kutoka Ukunda alinieleza kuhusu kanban, zile kadi za Wajapani zinazomwambia mtu bidhaa gani inakaribia kwisha na iletwe kiasi gani. Sasa amezishika kanban mkononi, anaogopa zisimletee jini. Nilicheka hadi fundi akatua nyundo.

Ananiita Ami, kama nami nilivyomwita babu yake, ndugu wa baba yangu, basi humu niwie radhi: Ami ninayemsimulia ni yule mzee, si mimi.

Duka lilikuwa chumba kimoja, na harufu zake zilikupokea kabla hujauona mlango. Mbata ndiyo iliyotangulia, ile harufu nzito ya nazi iliyokaushwa, tamu na chachu kwa pamoja, ikakushika nguo mpaka nyumbani. Ikafuata ng'onda kutoka Shimoni na Vanga, halafu sabuni ya mche, halafu karafuu alizoweka kwenye droo ya pesa, sikumbuki kwa sababu gani. Mafuta ya taa hukuyasikia humo ndani hata kidogo, na hilo lina kisa chake.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Mama mmoja alirudisha unga akisema ugali wake unanuka kibatari. Mchana ule wakaja wengine wawili. Ami aliwarudishia wote pesa zao, kisha akaniita. Nilijua nitachapwa. Akauliza kwa nini unga unanuka. Nikasema dumu la mafuta lilikuwa karibu na gunia. Kwa nini likawa karibu? Nililiingiza ndani mimi. Kwa nini uliliingiza? Mvua ilikuwa inanyesha mlango wa uani. Kwa nini mvua ikafika kwenye dumu, na pale pana paa? Makuti yameoza, Ami. Akanyamaza, akavaa viatu, akaenda kutafuta makuti. Jioni paa lilikuwa jipya, na sakafuni amechora mstari wa mkaa ambao dumu halikuruhusiwa kuuvuka, mvua inyeshe au jua liwake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Taiichi Ohno, yule injinia wa Toyota, aliwafundisha watu wake kuuliza "kwa nini" mara tano kabla ya kugusa mashine. Ami aliuliza mara nne. Ya tano aliipanda juu ya paa.

Sasa zile simbi. Mchele ulikaa kwenye pipa la mbao lenye alama ya mkaa kwa ndani, thuluthi moja kutoka chini. Mchele mpya ukija, wa zamani ulimwagwa kwanza kwenye sinia kubwa. Mpya ulijazwa hadi kwenye alama, simbi ikalazwa hapo, mpya uliobaki ukafuata, na wa zamani ukarudi juu kabisa ili utangulie kuuzwa. Kwa hivyo hapakuwa na mchele uliozeeka chini ukingoja fukusi. Tulikuwa tukipima kwa kibaba na pishi, siku baada ya siku, mpaka kibaba kigonge simbi. Aliyeiona, hata akiwa mtoto, aliichomoa na kuitundika msumari wake. Komwe ilikuwa ya sukari, kifungo cha unga, kigae cha chumvi. Mafuta ya taa hayazikwi kitu, basi dumu lilikuwa na kijiti chenye mkato. Mafuta yakishuka chini ya mkato, kizibo hutundikwa.

Kila Alhamisi alfajiri Ami alizitia zilizotundikwa mfukoni mwa kanzu, akashika gari la Likoni, akavuka feri, akaenda kwa wauzaji wa jumla karibu na Marikiti. Hakuandika orodha. Kule aliingiza mkono mfukoni: simbi moja, gunia moja la mchele. Muuzaji alimshawishi achukue matatu kwa bei nafuu. Ami alimwonyesha simbi ni moja. Nilidhani ni ubahili. Kumbe duka halikuwa na mahali pa kuweka magunia matatu, wala yeye hakutaka pesa yake ilale pembeni ikiliwa na panya.

Ohno naye, inavyosimuliwa, aliiokota fikra yake dukani. Alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako mteja huchukua anachotaka rafuni na pengo analoliacha ndilo hujazwa, akaihamishia fikra hiyo kwenye utengenezaji wa magari. Simdai haki ya Ami. Nasema tu kwamba mtu mwenye chumba kidogo na pesa kidogo hufika hapo hapo, awe Nagoya au Msambweni.

Lakini kuna jambo ambalo cheti cha binti yetu kinalikosea. Anasema Wajapani wana neno la hasara, la kazi isiyozaa kitu, nalo ni *muda*. Herufi zile zile. Kwetu neno lilikuja na Waarabu na lina maana yake. Kwao ni upotevu. Basi kwa kipimo hicho Ami angefeli, kwa sababu alitumia muda bila kuhesabu. Hukuweza kununua nusu pishi ya sukari bila kuulizwa mgeni wako amefika, mtoto ameshapona, mashua ya mumeo imetoka. Wateja walisimama, foleni ikajikunja mpaka mwembeni, na sisi watoto tukakereka. Ila ndiyo iliyokuwa hesabu yake. Kwa maongezi alijua harusi ya nani inakuja, akaongeza simbi ya pili. Kusi ikikaribia na wavuvi wakisema bahari imechafuka, alileta kunde na maharage kabla watu hawajakosa kitoweo. Alijua kiwanda cha sukari cha Ramisi kitalipa lini, na kikichelewa alijua pia, akapunguza unga na kuongeza kurasa za daftari la deni.

Daftari hilo halikuwa la kusifiwa. Deni la watu wa Ramisi lilimla. Kiwanda kilifungwa mwaka 1988. Mimi miaka yote nilikuwa nikisema 1987, ndugu yangu akanisahihisha, lakini haidhuru, kwetu kilifungwa siku mzee mmoja alipokuja kurudisha sukari ambayo alikuwa hajailipia, akaiweka mezani na kuondoka bila salamu. Mwaka huo huo wa 1988, huko Marekani, John Krafcik, aliyewahi kuwa injinia katika kiwanda cha pamoja cha Toyota na General Motors, alichapisha makala iliyoupa mfumo wa Toyota jina la Kiingereza ambalo dunia nzima inalitumia leo, *lean*, neno la nyama isiyo na mafuta. Mnofu, tungesema sisi.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka Msambweni. Nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani, jina lake liniponyoke. Nilijaribu simbi kwenye stoo ya jikoni, kwa siri, nikitumia vizibo, na mpishi mkuu akaniacha kwa kuwa nyanya hazikuoza. Halafu yakaja machafuko ya Likoni ya 1997, watalii wakakimbia, wakarudi wachache, wakakimbia tena. Miaka ya elfu mbili wakaletwa wataalamu wa semina na karatasi za rangi ukutani. Wahudumu walilitamka lile neno la Kiingereza kama walivyolisikia: lini. "Leo kuna semina ya lini." Mwezi mshahara ulipochelewa wakawa wanaulizana hiyo lini yenyewe ni lini.

Semina ile ilikwisha kwa watu kumi na mmoja wa dobi na jikoni kuachishwa kazi, eti ndio mafuta ya kuondolewa. Wataalamu hawakutusimulia kwamba Toyota yenyewe, mwaka 1950, ilipowaachisha wafanyakazi kwa shida ya pesa na mgomo ukazuka, Kiichiro Toyoda alijiuzulu urais wa kampuni pamoja nao. Meneja wetu yeye alipandishwa cheo, akahamia Malindi.

Si kila mahali walikosea. Tanzania, Wizara ya Afya iliuanzisha mfumo huu katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani, na hatua zao tano za kupanga mahali pa kazi wakazitia Kiswahili kizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mtu akisema sasambua, hata mfagizi anajua aanzie wapi.

Yaliyofuata hayana utamu. Ami alifariki, mwanawe akarithi duka, akaona simbi ni ushamba, akanunua kwa ofa, magunia yakafika darini, fukusi wakasherehekea. Kikaja kinyozi, kikaja kituo cha kutuma pesa, kikaja stoo ya saruji. Siku hizi naingia duka kubwa pale Ukunda, kamera sita na mashine ya kusoma bei, kiberiti hakuna. Nikiuliza kitaletwa lini, kijana anatazama kompyuta na kuniambia kipo. Kwenye kompyuta kipo. Na feri ya Likoni bado inatungojesha. Kati ya hasara saba alizozihesabu Ohno, anayevuka pale hahitaji Mjapani amfundishe kungoja.

Nilimweleza binti yetu haya yote tukiwa tumekaa juu ya matofali. Alinisikiliza, akazipanga simbi na vile vingine kwenye mkoba wake kimoja kimoja, akiuliza kipi ni cha nini. Alipofika kwenye kizibo akasita kukitoa msumarini.

"Na hiki mbona kilibaki juu?"

Ami alifariki usiku wa Jumanne. Mafuta ya taa yalikuwa yameshuka chini ya mkato.