Kinshasa Haina Bahari

Jasusi wangu wa kwanza alikufa maji kwenye bahari ambayo haipo duniani.

Mie ni kijana wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ng'ambo ya Chokocho. Nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila daftari ninazo kumi na moja. Sita katika hizo zilikuwa riwaya moja. Shujaa wake alivaa suti nyeusi, alilala hoteli za ghorofa, na akipiga risasi hakosi. Sura ya mwisho ilikuwa Kinshasa: maadui nyuma yake, yeye anakimbia ufukweni, anarukia boti ya mwendo kasi, mawimbi ya bahari yanammeza. Niliilia mwenyewe sura hiyo.

Mama aliuza mwani akanipa pesa za kwenda kuichapisha Mkoani. Wewe wa mjini huenda mwani unausikia tu. Ni kufunga mbegu moja moja kwa taitai, kusimama ndani ya maji siku za bamvua mpaka mgongo unakatika, kuanika, halafu mnunuzi anakuja kutaja bei aitakayo yeye. Pesa hizo ndizo zilizogeuka karatasi. Nikapeleka mswada kwa mchapishaji mmoja wa bara. Baada ya miezi mitano jibu likaja, mistari miwili tu: Kinshasa haina bahari, iko kando ya mto, na Willy Gamba tunaye tayari.

Mama nilimwambia wamesema nisubiri.

Walisema kweli lakini, na hilo ndilo lililoniuma. Willy Gamba nilimwiba mzima mzima, nikambadilisha jina. Mwenyewe Elvis Musiba alimleta kwetu mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, kikafuata Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, ambacho ndicho kilichonitia wazimu wa Kinshasa, na Njama mwaka 1981. Nilivisoma vikiwa havina majalada, vimepita mikono ya vijana wa skuli mpaka kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Nilichokiona mimi ni bastola na wanawake wazuri. Sikuona kwamba Musiba alikuwa anaandika juu ya jambo lililokuwa mlangoni kwake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam toka 1963 hadi 1994. Wapigania uhuru walipita mitaa ile ile, na makaburu walikuwa na sababu ya kutuma watu wao huko. Jasusi wa Musiba alikuwa na kazi ya kufanya. Wangu alikuwa na suti.

Tena Musiba hakukaa akingoja riwaya zimlishe. Alikuwa mfanyabiashara, akafika kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania, na alifariki mwaka 2010. Namtajia hili kila anayeniambia kuwa mwandishi hafanyi kazi nyingine. Muhammed Said Abdulla wetu, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alianza kwa ukaguzi wa afya, miaka kama kumi, kabla hajaingia magazetini. Mie nadhani huko ndiko Bwana Msa alikozaliwa. Mkaguzi wa afya anaingia nyua za watu, anachungulia visima, anaona kila kilichofichwa nyuma ya nyumba. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58, ukatoka kitabu mwaka 1960, na ndani yake hamna hata ndege moja ya kwenda Ulaya. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza, anafikiri. Nilikuwa nikimdharau. Mzee gani wa upelelezi hata ngumi hapigi!

Aliyenizindua kabisa ni mtu wa mbali. Binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo na kompyuta imejaa michezo ya zamani ya televisheni ya kwao, mmojawapo The Avengers, uliorushwa toka 1961 hadi 1969. Mwandishi wake mkubwa alikuwa Brian Clemens, aliyezaliwa Croydon mwaka 1931 na kufariki mwaka 2015. Huyu bwana aliacha skuli na miaka 14! Alianza kwa kutumwa huku na huku kwenye ofisi ya matangazo. Baadaye akawaandikia ndugu wawili, akina Danziger, waliotengeneza filamu za bei ya chini. Hao walikuwa wakitafuta mandhari zilizojengwa tayari, filamu za wengine zilipokwisha, kisha wakimwambia: vilivyopo ni hivi, tuandikie hadithi inayopita humo. Akaandika.

Nilitoka nje usiku ule nikajiuliza, mimi nina vipi? Nina mitumbwi. Nina mikoko, popo, msikiti, duka moja la mkopo, na mashamba ya mwani ambayo yakifunikwa na maji humjui mwenyewe nani. Basi nikaanza upya, daftari la saba. Kamba za mwani zinakatwa usiku. Anayekata anavuka mkondo kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, anapotelea upande wa pili.

Juzi nilimsomea mama, yeye anafunga mbegu. Kabla sijaanza nikasema, "Mama, kile kitabu cha kwanza walikikataa."

"Najua," akasema bila ya kuinua uso. "Aliyekubaliwa halali mpaka adhuhuri. Soma."

Nikasoma hadi pale mwizi anapovuka. Akanisimamisha.

"Mwanangu, hapo umesema mwezi ngapi?"

"Mwezi nane."

"Mwezi nane ni maji mafu. Hayakupwi ya kuvukika. Mtu gani atapita mkondo ule kwa miguu?"

Nikabaki kimya. Yeye akakata taitai kwa meno, akafikiri.

"Basi ama kachukua mtumbwi wa mtu, na mwenye mtumbwi anajua," akasema, "ama hakuvuka. Yumo humu humu."

Nimefuta kurasa nne.