Mlango Nilioufunga



Mdogo wangu alikuwa mlevi wa miaka mingi, nami, msomesha darsa, niliona haya kupita naye Mwembe Tayari. Alipotubu, siku chache kabla ya Ramadhani, nilimfungia chumbani mpaka pombe imtoke. Nilidhani naisitiri nyumba yetu.

Siku ya pili alitetemeka mikono, akaona visivyokuwapo, kisha akaanguka kifafa. Tulimkimbiza hospitali. Daktari akatueleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, mtu aweza kufa. Kuacha ni lazima, lakini kwa dawa na uangalizi.

Mkewe akaniambia, "Shemeji, umesitiri jina, hukumsitiri mtu." Sikuwa na jibu.

Nikakumbuka Hadithi niliyoisomesha mara nyingi, aliyoipokea Bukhari: mtu mmoja aliadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi, na aliyekuwapo akamlaani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Allah na Mtume Wake.

Leo ni mwaka wa nne hajaonja. Alfajiri yeye ndiye anigongeaye mlango, tukapita Mwembe Tayari bega kwa bega.

Mama, mwanao akikwambia amechoka na pombe, usimfiche. Mpeleke kwa daktari, na dua isikatike. Allah awaafu wagonjwa wetu. Amin.