Pikipiki ya Bwana Shamba

Vihambani Marangu, miaka ya 1980, Honda CG 125 ikisikika inapanda kilima watu walijua bwana shamba anakuja. Bwana shamba huyo alikuwa baba yangu. Aliegesha kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, akaingia chini ya migomba, akageuza jani la mbuni kutazama upande wa chini kama kuna unga wa rangi ya chungwa. Alipasua punje changa kutafuta ugonjwa wa chulebuni. Keria ya pikipiki ilibeba dawa ya mrututu hata chuma chake kikashika ubuluu usiotoka kwa sabuni wala petroli.

Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka. Jirani mmoja baada ya mwingine aling'oa mibuni, akapanda nyanya na maharage. Baba alistaafu, akauziwa pikipiki, akaiendesha mpaka goti likamkatalia. Ikasukumwa ghalani, nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa, ikafunikwa magunia ya katani. Kuku walitagia juu yake kwa miaka.

Tulipopanda mlimani kwa Krismasi ya 2006, mdogo wangu aliitoa uani. Kiki haikushuka hata kidogo, pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Tukamwita fundi kutoka Himo, kijana aliyezoea pikipiki za Kichina zilizokuwa zimeanza kujaa barabarani. Akataka kupiga kiki kwa nyundo.

“Hapana, mwanangu,” Baba alisema kutoka kwenye kigoda chake. “Toa plagi kwanza.”

“Sawa, Meku,” fundi akajibu, kwa maana ya mzee.

Wakamimina oili na mafuta ya taa kwenye tundu la plagi, wakaiacha ilale hivyo. Kesho yake waliingiza gia ya juu kabisa, wakaisukuma mbele na nyuma taratibu, mpaka gurudumu la nyuma likaivuta injini nayo ikakubali kuzunguka. Mama, ambaye hakuwahi kuipenda pikipiki ile kwa sababu ya utelezi wa masika, alishangilia kuliko sisi sote.

Tenki ndilo lililotuchosha. Petroli iliyobaki ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia yenye harufu ya rangi iliyooza. Tulitia kokoto na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu, tukamwaga kutu, tukaanza tena. Kwenye kabureta fundi alichukua waya azibue jeti. Baba akamzuia, maana waya hupanua tundu na injini ikawa mlevi wa petroli maisha yake yote. Akachomoa unyasi mmoja kwenye ufagio, akampa. Pointi zilisuguliwa kwa msasa laini. Vali alizipima mwenyewe kwa vipimo vyake vya bati jembamba, milimita 0.08, miwani ikiwa imeshuka puani.

Hapo ndipo nilipoielewa mashine ile. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na matunzo ni haba. Waliacha kamshafti ya juu pamoja na mnyororo wake, wakatumia vijiti vya kusukuma vali, ambavyo mtu hurekebisha kwa spana na bisibisi akiwa chini ya mti. Mnyororo wa gurudumu waliufunika wote kwa bati. Tulipolifungua bati lile, mnyororo ulikuwa bado na grisi, mweusi na mlaini, baada ya miaka yote ya vumbi la ghala. Naamini walioichora pikipiki ile walimfikiria mtu kama baba yangu, na hadi leo nawaheshimu kwa hilo.

Ilipowaka ilitoa moshi mweupe uliofunika ua mzima, kisha mlio ukatulia. Baba hakutupongeza. Aliinamisha sikio, akaagiza skrubu ya hewa ilegezwe robo, akatuuliza breki ya nyuma tumeiangalia lini.

Kabla hatujanawa mikono, mama mmoja wa kihamba cha jirani alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia.

“Shikamoo, bwana shamba. Mibuni yangu ile ya juu inapukutisha majani.”

“Marahaba. Chini ya jani kukoje?”

Hakungoja jibu. Alimwamuru mdogo wangu aendeshe, akapanda nyuma kwa shida, goti amelinyoosha pembeni, wakaenda kuyatazama.