Kina Kikigombana na Kweli

Miaka kadhaa iliyopita sisi wa kikundi cha akina mama kanisani, hapa Shinyanga, tulitaka kutunga wimbo wa kufundisha jinsi ya kumtunza mtoto anayeharisha. Tulikusudia kuupeleka kwa wenzetu wanaoishi kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita. Kule wamekusanyika watu wa makabila mengi, kwa hiyo tuliutunga kwa Kiswahili, tena kwa vina, ili usisahaulike.

Baadhi yetu walisema vina ni mambo ya watu wa pwani. Tukawakumbusha Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ambaye utenzi wake wa Enjili ulitoka mwaka 1963. Basi tukaanza, kila mstari mizani 8:

Akina mama, tuimbe,
Kuharisha tusizembe,
Pakiti moja, kikombe...

Maneno yaliteleza vizuri kinywani. Wauguzi tulikuwamo kikundini, nasi tulijua kwamba pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi. Lakini "lita" haikupata mwenzake pale, na "kikombe" kilikaa vizuri. Tukasema, tutaeleza wakati wa kufundisha.

Tulipokwenda mara ya pili, tulimkuta mama kijana mwenye mtoto mgonjwa. Tulimwomba atuonyeshe anavyochanganya dawa. Akachukua kikombe cha chai, akaimba wimbo wetu, akamimina pakiti nzima. Maelezo yetu aliyasahau, wimbo aliukumbuka. Tangu asubuhi alikuwa akimpa mtoto dawa ile, na mtoto alizidi kulia kiu. Chumvi ikizidi hivyo humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Tulimwaga ile dawa, tukamwahisha mtoto zahanati. Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini kosa halikuwa la mama yule. Lilikuwa letu.

Tulikaa tena kutunga. Safari hii tuliandika kwanza neno lisilobadilika, "lita". Kisha tukaorodhesha maneno yanayoishia kwa "ta": pata, leta, pita, chota, futa. Hayakuwa machache! Tena ukigeuza mpangilio wa mstari, kitenzi huja mwishoni chenyewe:

Mama, maji safi chota,
Pakiti moja kwa lita,
Mwana nguvu atapata,
Zahanati tumwahishe.

Mama mwenzetu unayetungia kwaya au watoto wa shule ya Jumapili, anza na kweli, ndipo utafute kina. Usipokipata, geuza mstari, au badili vina vya ubeti mzima, usibadili kweli. Kisha mwimbie mama mmoja, umwombe akuonyeshe kwa mikono yake alichoelewa. Wimbo hufika nyumba ambazo muuguzi hafiki. Basi na ufike na neno la kuaminika.